Kabla ya kununua kompyuta, uliza betri inatolewaje

MPINI wa jembe ukivunjika, mkulima huchonga mwingine akarudi shambani, jembe halitupwi. Lakini kwa kompyuta mpakato, ambazo sasa zinatumika katika vyama vya msingi vya ushirika, maduka ya pembejeo na maghala ya mazao, wengi wetu tumekubali kuwa betri ikichoka, basi mashine nzima imekwisha. Kwa mtazamo wangu, hiyo ni hasara inayoepukika.

Betri ya lithiamu huchakaa kama tairi. Kila inapochajiwa na kutumika uwezo wake hupungua, na joto huharakisha uchakavu huo. Kompyuta yenyewe inaweza kudumu miaka mingi zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kupima korosho na betri imekufa, katibu wa chama hupoteza hesabu ambazo hajazihifadhi, na mkulima aliye kwenye foleni ndiye anayesubiri.

Zamani betri ilichomolewa kwa kusukuma vifungo chini ya kompyuta. Mwaka 2008 Apple ilitoa kompyuta nyembamba yenye betri iliyofungiwa ndani, na mwaka 2012 ikatoa nyingine yenye betri iliyobandikwa kwa gundi. Leo kompyuta nyingi mpya, za kampuni mbalimbali, zina betri ya ndani. Hata hivyo hazilingani. Zipo ambazo fundi hufungua skrubu za mfuniko wa chini, akachomoa waya wa betri na kuweka nyingine. Zipo pia ambazo lazima gundi ilegezwe kwanza, kazi inayoweza kuitoboa betri na kuleta moto.

Tupige hesabu ya mfano. Kompyuta ya Sh600,000 ikitumika miaka mitatu kisha ikatupwa, imekugharimu Sh200,000 kwa mwaka. Ukiiwekea betri ya Sh120,000 ikadumu miaka mingine mitatu, gharama inashuka hadi Sh120,000 kwa mwaka. Tofauti hiyo ni mtaji wa mbolea.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wamelitungia jambo hili sheria. Kanuni yao ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 18, 2027, betri za vifaa vya kubebeka viingizwavyo sokoni kwao ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa vifaa vichache vilivyotajwa, na betri za akiba zipatikane kwa miaka isiyopungua mitano. Nasi tunaoagiza kompyuta kutoka nje tunapaswa kuwa na viwango vya namna hiyo, la sivyo zitakazokataliwa kwingine zitatafuta soko kwetu.

Wakati tukisubiri, mnunuzi aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha: Mfuniko unafunguliwa kwa bisibisi ya kawaida? Betri imeshikwa kwa skrubu au kwa gundi? Betri ya akiba inapatikana, na kwa bei gani? Vyama vya ushirika viyaweke maswali hayo kwenye zabuni zao.

Anayefungua mwenyewe azime kompyuta, achomoe chaja, kisha atenganishe waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Betri iliyovimba isibonyezwe wala kutobolewa. Apelekewe fundi mzoefu. Nayo iliyokufa isichomwe na takataka za shambani.