Tafuteni Chakula, Msitafute Mlozi



Mtoto mchanga amekula uji saa sita mchana. Amekula vizuri, anacheka. Saa nane anaanza kutapika. Anatapika mara tatu, mara tano, hata tumboni hakubaki kitu. Uso unapauka, mwili unalegea. Watu wa nyumba wanaulizana: «Ni nani aliyembeba saa saba? Ni nani aliyempa kitu?»

Hapa kwetu Lubumbashi mtoto akitapika, kwanza damu ipimwe, maana malaria ni nyingi. Lakini akitapika namna ileile kila anapokula chakula kilekile, na siku nyingine ni mzima kabisa, yafaa kufikiri ugonjwa mwingine ulio wa nadra. Waganga wa hospitali wanauita SEIPA kwa Kifaransa. Matumbo ya mtoto yanakataa chakula ambacho watoto wengine wanakula bila shida. Mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, soya au mchele; pengine ni yai au samaki. Kwa kawaida huanza mtoto anapopewa maziwa ya kopo au vyakula vya kwanza. Ni mara chache sana kuuona kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu.

Ugonjwa huu una jambo linalodanganya watu. Haumshiki mtoto angali na chakula mdomoni. Unakawia muda wa saa moja hadi saa nne. Kwa kawaida ngozi haitoki vipele, wala pumzi haibanwi. Hata kipimo cha ngozi mara nyingi hakionyeshi kitu. Basi uji wa saa sita unasahauliwa, na lawama inamwangukia mtu aliyekuwa karibu saa nane: jirani, shangazi, au dada mdogo aliyembeba mgongoni. Katika mji wetu wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa shtaka la ulozi. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kumshtaki mtoto kwa jambo hilo. Nasi twasema: afadhali kuuliza «Alikula nini, saa ngapi?» kuliko kuuliza «Ni nani?» Swali la kwanza laweza kumwokoa mgonjwa. La pili laweza kuwapotezea watoto wawili.

Yako makosa mengine mawili. Wengine husema: «Mpe tena, atazoea.» Hapana. Mtoto huyu hazoei kwa kulazimishwa. Anaweza kukaukiwa na maji mwilini hata kuwa katika hatari ya kufa. Wengine huogopa mno, wakamnyima maziwa, mayai, samaki, maharagi, karanga, vyote pamoja. Mtoto anabaki na bukari na mchuzi, na baada ya muda miguu inavimba kwa kwashiorkor. Hapo njaa imekuja kuongeza ugonjwa wa pili.

Basi fanyeni hivi:

1. Mtoto anapoanza kula, mpeni chakula kipya kimoja kimoja, na kuangalia siku chache kabla ya kuongeza kingine. Uji wa mihindi, soya na karanga ni mzuri, lakini ukianza na vyote siku moja, hutajua ni kipi kilichomdhuru.

2. Andikeni katika daftari: chakula, saa ya kula, saa ya kutapika. Daftari hilo litamsaidia mganga sana, maana ugonjwa huu hutambulikana zaidi kwa habari za mzazi.

3. Akitapika mfululizo, akipauka, akilegea au akitoa damu katika choo, nendeni hospitali upesi, hata usiku. Akiweza kunywa, mpeni njiani kidogo kidogo maji safi lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Midomo ikivimba au pumzi ikibanwa, msikawie hata kidogo.

4. Chakula kikijulikana, ondoeni hicho tu. Vile anavyokula bila shida vibaki. Mwulizeni mganga ni kipi kitakachoshika nafasi yake.

5. Msikijaribu tena nyumbani. Watoto wengi hupona kabla ya miaka mitano, lakini jaribio lifanyike hospitalini, mbele ya mganga.

Neno la mwisho ni kwa jamaa na washiriki wenzetu. Katika matanga, arusi na baada ya ibada, sisi hupenda kumpa mtoto biskuti au kijiko cha wali. Ni mapendo. Lakini biskuti moja yaweza kuwa na maziwa na soya ndani yake. Mama akisema, «Asante, huyu hali kitu hiki,» msimwite mwenye kiburi, wala msimpe mtoto kwa siri. Na wewe baba, usimwachie mke wako kazi ya kukataa peke yake, wala usiseme kwamba ugonjwa umetoka kwao. Simama karibu naye, ueleze ndugu zako wewe mwenyewe. Mtoto huyu halindwi na mama mmoja. Analindwa na kila mkono unaojizuia kumpa kile kinachomdhuru.