Daktari wa familia: Tumfunze, kisha tumpe kazi yake

Chukua mfano wa bibi kutoka Malava mwenye kisukari, shinikizo la damu na goti linalomsumbua. Akifika hospitali kuu mjini Kakamega, huenda akaambiwa aonane na daktari mmoja leo, wa pili wiki ijayo na wa tatu mwezi ujao. Nauli ni yake. Na ni nani atakayemwuliza iwapo mjukuu anayelala naye ana kikohozi?

Daktari wa familia ndiye aliyefunzwa kumtazama bibi huyo kama mtu mmoja, mwenye nyumba na jamaa. Fani hii si ngeni nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha shahada yake ya uzamili mwaka wa 2005, na hospitali ya Webuye, kaskazini mwa Kakamega, imekuwa mojawapo ya vituo vya mafunzo hayo.

Hata hivyo, njia ya mwanafunzi huyu ina miiba. Tayari amesoma udaktari kwa miaka 6 na kufanya kazi ya uanagenzi mwaka mmoja. Anaporudi darasani huwa na watoto wa kulisha na karo yake mwenyewe ya kulipa. Ni sharti ajue kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, kutibu mtoto mchanga, kumsikiliza mgonjwa wa akili na kuzuru vijiji. Anayesomea upasuaji hufunzwa na wapasuaji. Huyu huhamishwa kutoka wadi hadi wadi, mara nyingi chini ya mabingwa wa fani nyingine. Isitoshe, wenzake humwuliza: "Wewe ni bingwa wa nini hasa?"

Mtihani mkubwa zaidi huja baada ya kufuzu. Baadhi yao hupewa kiti cha usimamizi na mafaili, huku wagonjwa waliosomea kuwatibu wakibaki kwenye foleni.

Wapo wanaosema kwamba matabibu na wauguzi wa zahanati wanatosha. Ni kweli kwamba wao ndio wanaoubeba mzigo. Lakini nao wanahitaji mtu aliye karibu wa kumwuliza ugonjwa unapowashinda, kabla ya kumtuma mgonjwa mjini.

Huduma za afya za mashinani zimekuwa chini ya kaunti tangu 2013, na Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 inataka vituo vya afya viunganishwe katika mitandao. Mtandao bila daktari wa kuuongoza ni ramani tu ukutani.

Kwa hivyo, kaunti ya Kakamega na jirani zake ziwape madaktari vijana likizo ya masomo yenye mshahara, ziwalipie karo, na ziwatengee nafasi katika hospitali za Malava, Butere na Lumakanda hata kabla hawajafuzu. Nao madaktari wakubali kuitumikia kaunti iliyowasomesha kwa muda watakaoafikiana. Kumsomesha mtu kisha kumnyima kazi aliyoisomea ni hasara ambayo bibi wa Malava ndiye anayeilipa.