Kasongo na Kabambare: mlango wa maternite ufunguliwe

Katika vituo vingi vya afya vya kusini mwa Maniema, mama aliyeshikwa na uchungu huletwa na watu watatu au wanne: mama mkwe, yaya wake, jirani, na mara nyingi matroni wa kijiji aliyemwangalia tangu jioni. Wanafika na sufuria, vitenge, sabuni na taa. Mama anaingia, mlango unafungwa. Waliomleta wanabaki uani wakisikiliza.

Ndani, muuguzi wa zamu ni mmoja, na usiku huohuo ana mtoto mwenye malaria kali na mgonjwa mwingine aliyewekewa serumu. Kwa hiyo mama anakaa peke yake kitandani masaa sita, masaa kumi. Akilia anaambiwa anyamaze. Wanawake wetu wanayajua maneno mengine wanayoambiwa pale, na hatutayaandika hapa.

Sisi tunaona kwamba mlango huo hauna sababu ya kufungwa. Mama mwenye uchungu awe na mtu wake kando yake, aliyemchagua mwenyewe, tangu anapofika mpaka mtoto ananyonya.

Huko Marekani na Ulaya kazi hiyo ina jina: doula. Mwaka 1973, Dana Raphael, mtaalamu wa mila na desturi za watu, alilichukua neno hilo kutoka Kigiriki, ambako lilikuwa na maana ya mwanamke mtumishi. Leo watu wanalipa kwenda kujifunza kazi hiyo, na wenye mimba wanalipa tena kusindikizwa. Bibi zetu wa Wamaza wangecheka kusikia kwamba kumsugua mama mgongo, kumpa maji na kumwambia neno la kumtuliza ni kazi ya diploma.

Lakini si jambo la kucheka. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 26, ya wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kuwasindikiza mfululizo walizaa kwa njia ya kawaida zaidi kuliko wengine, uchungu wao ulikuwa mfupi, na waliopasuliwa walikuwa wachache zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, OMS, likashauri kila mwanamke apewe msindikizaji anayemtaka. Ushauri huo hauhitaji mashine wala umeme. Unahitaji kiti.

Kuna jambo lingine ambalo Kasongo yenyewe iliwafundisha watu wa mbali, nasi tumelisahau. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ilikuwa na mradi mkubwa wa afya hapa kwetu. Watafiti walichunguza kama historia ya uzazi wa mwanamke inaweza kuonyesha mapema nani mtoto atamkwama. Matokeo: kati ya wale waliokwamiwa, 71 kwa 100 hawakuwa wamehesabiwa kuwa hatarini. Na kati ya waliotajwa kuwa hatarini, 90 kwa 100 hawakukwamiwa. Maana yake, huwezi kumtazama mama kwenye kipimo cha mimba ukasema huyu atazaa vizuri, tumwache. Hatari inajionyesha usiku uleule, na lazima awepo mtu macho wa kuiona na kumwita muuguzi. Uchungu uliokaa mno bila msaada ndio unaoleta fistula, na mwanamke anayevuja mkojo anajitenga na watu kwa aibu ambayo si yake.

Tunajua wauguzi watajibu nini. Chumba ni kidogo, vitanda ni viwili au vitatu, hakuna pazia. Ni kweli, na kamba na vitenge viwili vinaweza kuwa pazia. Watasema pia matroni huja na dawa zake za miti. Hilo ni zito zaidi. Dawa za kuharakisha uchungu zinaweza kupasua kizazi, na matroni anayemshikilia mama nyumbani siku mbili anaua. Mwaka 1992 OMS, UNICEF na UNFPA walikubaliana matroni wafundishwe. Mwisho wa miaka ile ya 1990 wakageuka na kusema nguvu ziende kwa wakunga waliosoma. Katika vijiji vyetu mgeuko huo ulimfanya matroni kuwa mtu wa kufukuzwa, naye akaendelea na kazi yake kwa siri. Hapo hasara ni ya nani?

Afundishwe upya, ila kwa kazi nyingine: asizalishe, asitie mkono, asitoe dawa. Amlete mama mapema, amtembeze, amnyweshe, ajue dalili za kumwita muuguzi mbio: damu nyingi, kifafa, uchungu usiosonga mbele. Na Kabambare, ambako vita vimeacha wanawake wengi waliobakwa, ajue pia kwamba mkono wa mtu asiyejulikana unaweza kurudisha mambo ya siku ile. Mtu anayemjua mama anaweza kumwambia kabla, sasa watakupima, shika mkono wangu. Hakuna sindano inayofanya kazi hiyo.

Kuna sababu moja ya mlango kufungwa ambayo haisemwi mikutanoni: msindikizaji ni shahidi. Anaona nani ameombwa franka za pembeni, nani ametukanwa, nani ameachwa. Mke wa mkubwa huwa na shahidi siku zote, hata muuguzi hathubutu kumzuia shangazi yake mlangoni. Anayebaki peke yake ni mke wa mkulima.

Msindikizaji hawezi kupasua mama, wala hawezi kuziba mashimo ya barabara ya kutoka Kabambare kwenda Kasongo. Uzazi bila malipo, ambao serikali iliuanzisha Kinshasa mwezi wa tisa 2023, nao haumlipi mwenye pikipiki wala wabeba tipoyi. Madai hayo tunaendelea nayo kwa wakubwa wa Kindu na Kinshasa, na yanaweza kuchukua miaka.

Hili la mlango haliwasubiri. Linaweza kuamuliwa na muuguzi mkuu wa kituo pamoja na CODESA, katika mkutano wao wa mwezi huu: kila mama aingie na mtu mmoja, jina la mtu huyo liandikwe kwenye karatasi ya uzazi, na kiti chake kiwekwe kando ya kitanda.