Nani Alishona Kitambaa cha Altare?



Muhula huu, katika somo la maadili, tumekuwa tukijadili kile Aristotle alichoandika kuhusu urafiki katika Maadili ya Nikomako, kitabu cha nane na cha tisa. Wengi wetu sasa tunaweza kutaja bila kusita aina zake tatu: urafiki wa manufaa, urafiki wa starehe, na urafiki wa fadhila, yaani ule wa kumtakia mwenzako mema kwa ajili yake mwenyewe. Tumeona pia jinsi Mtakatifu Thoma wa Akwino alivyolichukua fundisho hilo akalipandisha juu zaidi, akasema kwamba upendo wa Kimungu ni urafiki kati ya mwanadamu na Mungu. Haya tunayajua vizuri na mitihani inathibitisha. Tukifika parokiani, hata hivyo, kuna watu tunaoishi nao kwa ile aina ya kwanza tu, wala hakuna anayeshtuka. Nawazungumzia kina mama wanaotushonea.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu niliposoma habari za Harriet Powers, mwanamke Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, akafariki mwaka 1910. Baada ya utumwa kukomeshwa, yeye na mumewe Armstead waliishi kwa kulima shamba dogo karibu na mji wa Athens wakilea watoto wao. Harriet alikuwa mshonaji wa mifarishi. Kwa msomaji ambaye hajauona, mfarishi ni shuka nzito la kujifunika lenye matabaka matatu: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa kwa uzi, katikati pamba, chini kitambaa kizima, kisha mishono inayopenya matabaka yote ili pamba isihame. Kwa maskini wa kule ilikuwa namna ya kutotupa hata kipande kimoja cha nguo iliyochakaa. Harriet alikwenda mbali zaidi. Alikata maumbo ya watu, wanyama, jua na nyota, akayashona juu ya kitambaa, akasimulia Biblia.

Mfarishi wake wa kwanza unaojulikana una picha 11. Wamo Adamu na Eva bustanini, Kaini akimwua Abeli, Yakobo na ndoto yake, Ubatizo wa Bwana, Karamu ya Mwisho, Msalaba, na Familia Takatifu ikiwa na nyota juu ya kichwa cha Mtoto. Kwenye Karamu ya Mwisho mitume ni saba badala ya kumi na wawili. (Nadhani nafasi ilimbana, na yeyote aliyewahi kupanga wanakwaya kwenye kigango chenye altare ndogo atamwelewa.) Wote wamevaa kitambaa cheupe chenye madoa isipokuwa Yuda, ambaye amevikwa kitambaa cha rangi iliyofifia. Na mahali Yuda alipo na vipande 30 vya fedha, kuna nyota ambayo Harriet mwenyewe alieleza kuwa ni ile iliyoonekana mwaka 1886.

Naipenda sana nyota hiyo. Sisi tunaojifunza kuandika insha tungeiondoa, maana haimo katika Injili. Harriet aliitazama mbingu ya mwaka wake, akaona kwamba Mateso ya Bwana yanaihusu pia. Mfarishi wake mwingine, ambao leo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sanaa mjini Boston, una picha 15, na humo Ayubu, Yona na Musa mwenye nyoka wa shaba wamewekwa pamoja na baridi kali ya Februari 1895, ambapo mwanamke mmoja ameganda akiwa anasali. Umo pia usiku wa mwaka 1833 ambapo nyota zilianguka kama mvua na watu wakadhani mwisho wa dunia umefika. Harriet alizaliwa miaka minne baadaye. Habari hiyo aliipata kwa masimulizi, kutoka vinywani mwa watu waliokaa pamoja wakasimuliana. Basi hata kama mikono iliyoshona ilikuwa miwili tu, midomo iliyochangia ilikuwa mingi.

Sasa nifike kwenye kisa cha kuuzwa kwake. Mwaka 1886 mwalimu mmoja wa sanaa, mwanamke mzungu aitwaye Jennie Smith, aliuona ule mfarishi wa kwanza kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens. Akamtafuta mwenyewe, akataka kuununua. Harriet alikataa kwa bei yoyote ile. Miaka michache baadaye maisha yakawa magumu, akapeleka ujumbe kwamba yuko tayari kuuza, lakini safari hiyo Smith hakuwa na fedha. Baadaye Smith alipopata, Harriet alikuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, mfarishi ukiwa umefungwa ndani ya mfuko safi wa unga na juu yake gunia. Alitaka dola 10. Smith akasema ana dola 5 tu. Harriet akatoka nje kushauriana na mumewe, akarudi, akakubali kwa sababu ya ugumu wa nyakati. Kabla ya kuondoka alipitia picha moja moja akieleza maana yake, na Smith akaandika. Kilichomfariji kidogo ni ahadi ya Smith kwamba atamwekea mabaki yake yote ya vitambaa. Baada ya hapo Harriet alirudi mara kadhaa nyumbani kwa yule mama kuutazama tu mfarishi wake.

Je, huo ulikuwa urafiki? Kwa kipimo cha Aristotle nasema hapana, au haukuwa bado. Mmoja alikuwa na shida na mwingine alikuwa na dola tano, na baina yao kulikuwa na historia ya utumwa ambayo hakuna chai ya alasiri moja ingeweza kuifuta. Hata hivyo Smith alifanya mambo mawili ambayo wengi wetu hatuyafanyi. Alikaa akasikiliza na kuandika maneno ya mshonaji, na asingefanya hivyo leo tusingejua ile nyota ni ya mwaka gani wala kwa nini Yuda amevaa tofauti. La pili, mlango wake ulifunguka kila Harriet aliporudi. Mfarishi huo sasa uko kwenye makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington, na jina la mshonaji linajulikana.

Huku kwetu mfarishi si kitu cha kila nyumba. Lakini kitambaa tunakijua. Mwanamke akitaka kumwambia mwenzake kwamba yuko naye, humpelekea doti ya kanga, naye mwenzake husoma jina la kanga akaelewa. Tunavishwa kitenge siku ya nadhiri na siku ya upadre. Na chini ya meza ya kila fundi cherehani kuna mfuko wa mabaki ya vitenge.

Katika jumuiya ninayotumwa kila Jumamosi kwa utume kuna mama anayekusanya mabaki hayo na kushona mashuka ya viraka, ambayo kwa umbo ni ndugu wa mifarishi ya Georgia. Ndiye pia anayeshona vitambaa vya altare vya kigango na kanzu za watumishi. Alasiri kina mama wanne au watano hukaa kibarazani kwake. Mmoja hukata, mwingine hupanga rangi, na mzee kuliko wote, ambaye macho yamemwishia, husalisha Rozari huku wengine wakishona na kuitikia. Mara ya kwanza nilipofika na daftari langu la mafundisho, nilisalimia, wakaitikia "Milele, amina," kisha yule mzee akaninyooshea sindano: "Frateri, wewe una macho ya kijana, hebu nitungie uzi." Nikatunga. Katikati ya mafungu mawili ya Rozari nikasikia nani amelazwa, mtoto wa nani amefukuzwa shule kwa ada, na nani hajaonekana jumuiya wiki mbili na kwa nini. Waliamua pale pale nani atapika uji apeleke hospitali na nani atabaki na watoto, huku hakuna aliyeinua macho kwenye kazi yake. Nimewahi kuhudhuria vikao vya kichungaji vya saa tatu ambavyo havikufika hapo.

Aristotle anakumbusha kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wawe wamekula chumvi nyingi pamoja, maana urafiki unahitaji muda na mazoea. Kazi ya viraka inatoa muda huo. Shuka moja huchukua wiki nyingi, mikono ina shughuli, kwa hiyo ulimi unakuwa huru na kimya hakimtishi mtu. Nadhani ndiyo sababu mambo mazito yalisemwa pale kwa sauti ya kawaida.

Matendo ya Mitume sura ya 9 inatupa mshonaji wa aina hiyo, Tabitha wa Yafa, anayeitwa pia Dorkasi. Alipofariki, Petro aliitwa, na alipopanda orofani wajane walisimama karibu naye wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Huwa tunakimbilia muujiza. Mimi naomba tubaki kidogo kwenye zile nguo. Wajane wale hawakumpa Petro orodha ya fadhila za marehemu. Walimshikisha kitambaa. Na mkuu wa Mitume, mwenye kazi nyingi, alizitazama nguo hizo kabla ya kupiga magoti.

Mwenzangu mmoja, tulipokuwa tukibishana juu ya haya baada ya chakula cha jioni, alisema kwamba kina mama wanashona kama sadaka, na kuanza kuuliza bei na kuandika majina ni kuigeuza sadaka kuwa biashara. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu kina mama wenyewe wangeisema. Lakini sadaka ni ya mtu aliye huru kusema leo siwezi. Mama anayeletewa kitambaa Alhamisi na kuambiwa kinahitajika Jumapili, ambaye uzi ananunua mwenyewe na cherehani ikiharibika anatengeneza mwenyewe, hana nafasi hiyo. Katika bajeti nyingi za liturujia utakuta mishumaa, hostia na divai. Uzi haumo. Harriet Powers aliweza angalau kukataa mara ya kwanza, na alipokubali aliujua ugumu uliomlazimisha na akausema. Sidhani kama tumewahi kuwapa mama zetu hata nafasi ya kuutaja ugumu wao, kwa sababu tunapokea kitambaa kikiwa kimepigwa pasi na kukunjwa, tunasema "Mungu akubariki Mama," na kuondoka.

Mwenzangu mwingine alileta hoja ya busara ya malezi: frateri anayekaa kibarazani na kina mama atasemwa. Ni kweli, tahadhari inatakiwa, na walezi wetu hawatuonyi bure. Lakini ninachosema ni kukaa mchana, mbele ya watu, pamoja na katekista, kwenye kundi lililokwisha kuwepo na linalosali. Kama malezi yetu yanatuandaa kuwa wachungaji tusioweza kukaa nusu saa na wajane wanaoshona bila kuwa na wasiwasi, basi kuna swali la kujiuliza kuhusu malezi yenyewe. Na hofu hiyo, kusema kweli, haijawahi kutuzuia kwenda kupimwa kanzu.

Likizo ndefu inakaribia na wengi wetu tutarudi kwenye parokia zetu. Napendekeza mambo madogo. Kila mmoja aulize ni nani alishona kitambaa kilicho juu ya altare atakayoitumikia, kisha aende akamsalimie kwake, bila kazi ya kumpa. Akae. Akiombwa kutunga uzi, atunge. Akiwa na ujasiri, azungumze na paroko au kamati ya liturujia kuhusu fedha za uzi na matengenezo ya cherehani. Na katika daftari la mali za kanisa, ambamo sakristani huandika kalisi, vitabu na mavazi, kuna safu ya tarehe, safu ya bei na safu ya mfadhili. Iongezwe moja ya jina la mshonaji, na kama yu hai, aulizwe mwenyewe jina lake liandikweje.