Redio ya Gari Inapolia Pamoja na Injini

Juma hili tunazungumzia tatizo linalowasumbua wenye magari wengi katika mikoa ya Shinyanga na Geita: redio inayotoa mlio mwembamba, kama wa mbu, unaopanda kila dereva akanyagapo mafuta na kushuka anapoachia. Wengi huongeza sauti ili wasiusikie. Hatuwashauri kufanya hivyo, kwani mlio huo waweza kuwa dalili ya gari litakaloiacha familia njiani usiku.

Chanzo chake ni alteneta. Mashine hii huzalisha mkondo geu, kisha dayodi zilizomo ndani yake huugeuza kuwa mkondo mnyoofu. Mawimbi machache husalia, na betri iliyo nzima huyatuliza. Yakipata upenyo wa kuingia kwenye njia ya sauti, spika hulia.

Upenyo huo aghalabu ni ethi mbovu, yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Magari mengi ya kwetu yalitumika kwanza Japani, ambako redio za FM zilitengenezwa kupokea megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu hufika 108. Kwa hiyo redio hubadilishwa, waya hukatwa na kuungwa upya, na ethi hufungwa kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Baada ya miezi kadhaa ya vumbi na mashimo ya barabara za machimboni, skrubu hiyo hulegea.

Kabla ya kutoa fedha, washeni injini gari likiwa limesimama, kisha shusheni sauti ya redio hadi mwisho. Mlio ukibaki vilevile, unaingia baada ya redio, yaani kwenye amplifaya au waya zake. Ukipungua pamoja na sauti, unaingia kabla. Hapo chomoeni simu kwenye chaji, kisha waya wa antena, kimoja baada ya kingine, mkisikiliza ni kipi kinachouondoa.

Kama ni ethi, zimeni gari, kwangueni rangi hadi chuma kionekane, fungeni waya mfupi na mnene, na kazeni barabara. Redio na amplifaya zikiweza kufungwa mahali pamoja, ni bora zaidi. Waya wa umeme wa amplifaya upite upande mmoja wa gari, na waya za sauti upande wa pili. Waya huo wa umeme lazima uwe na fyuzi karibu na betri. Bila fyuzi, ukichubuka na kugusa bodi waweza kuunguza gari.

Mlio ukiendelea, mwombeni fundi apime betri kwa mita. Injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri yenye chaji kamili huonesha takriban volti 12.6, ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.5. Kisha aigeuze mita kwenye mkondo geu injini ikiwa inawaka. Ikizidi nusu volti, dayodi inashukiwa. Dayodi iliyokufa hupunguza chaji, na nyingine hunyonya betri gari likiwa limelala.

Wapo mafundi wanaopima alteneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka. Wakatazeni kwa upole. Betri ikiondolewa ghafla, volti hupanda kwa nguvu na kuweza kuunguza redio, dayodi na hata kompyuta ya gari, ambayo bei yake hailingani kabisa na ya waya wa ethi.

Filta ya kuzuia mlio iwe hatua ya mwisho. Huweza kuinyamazisha spika, lakini haitengenezi dayodi wala haikazi skrubu. Fundi akianza kwa kuwauzia filta, mwulizeni kwanza: ethi umeikagua, na betri umeipima?

Tukutane juma lijalo, inshaallah.