Indonesia Haikuibiwa na Jirani

Kuna kipande cha video ambacho nimeonyeshwa mara nyingi kuliko nilivyopenda. Ni Vietnam na Thailand, vijana, dakika za mwisho. Walio na mpira wanapasiana nyuma, wasio nao hawaufukuzi, saa inasogea, kipenga kinalia: sare ya 1-1. Anayekuonyesha husubiri uso wako ubadilike, kisha anakuuliza, "Umeona? Si wamepanga hawa?"

Mimi nimeona, na bado nasema hapana. Au niseme hivi: hata kama vijana wale waliridhika na sare, si wao walioidhulumu Indonesia. Nitaeleza kwa nini, maana jambo hili limezoeleka kusimuliwa upande mmoja tu, hata na watu ambao hawajui Bekasi iko wapi.

Mashindano yenyewe ni ya vijana wasiozidi miaka 19 wa nchi za Kusini Mashariki mwa Asia. Yanaendeshwa na shirikisho la mpira la ukanda ule, AFF, lililoundwa mwaka 1984. Ni mashindano ya majirani, kama ilivyo CECAFA kwetu. Julai 2022 mwenyeji alikuwa Indonesia, na mechi zilichezwa Jakarta na Bekasi. Zilikuja timu 11 zikagawanywa makundi mawili, moja la timu sita na jingine la timu tano. Indonesia ilikuwa katika lile la timu sita pamoja na Vietnam, Thailand, Myanmar, Ufilipino na Brunei. Vijana wake wakacheza mechi tano kuanzia tarehe 2 hadi tarehe 10, yaani leo mechi, kesho kupumzika, keshokutwa mechi tena. Waliifunga Brunei 7-0, Ufilipino 5-1, Myanmar 5-1. Hawakupoteza hata mechi moja. Mabao ya kufunga 17, ya kufungwa 2. Wakatolewa.

Ukisoma hapo tu, lazima uchukie. Sasa soma na kilichobaki. Indonesia ilitoka suluhu, 0-0, na Vietnam. Ikatoka suluhu, 0-0, na Thailand. Vietnam na Thailand wakatoka 1-1. Timu zote tatu zikamaliza na pointi 11, na kanuni ilisema zikilingana pointi hutazamwa kwanza matokeo ya mechi walizocheza zenyewe kwa zenyewe. Katika mechi hizo kila mmoja ana sare mbili. Tofauti ya mabao kwa wote ni sifuri. Basi huhesabiwa mabao ya kufunga: Vietnam moja, Thailand moja, Indonesia hakuna. Yale mabao saba ya Brunei hayakuingia kwenye hesabu hata kidogo.

Hasira ikawaka. Shirikisho la mpira la Indonesia, PSSI, likapeleka malalamiko AFF likitaka mechi ile ichunguzwe. Mashabiki wakadai nchi ijitoe kwenye chama cha majirani, na PSSI nayo ikasema hadharani kwamba inafikiria kuhamia shirikisho la Asia Mashariki, kule kwa Japani, China na Korea Kusini. Yaani mtu kakosana na majirani wawili kwa sababu ya mechi moja ya vijana, na dawa anayoiona ni kuhama mtaa.

Tuanze na kanuni. Haikutungwa usiku ule. Ilikuwapo kabla mpira wa kwanza haujapigwa, na kila shirikisho lililoleta timu liliikubali. Indonesia ilikuwa na dakika 180 dhidi ya wapinzani wake wakubwa wawili, nyumbani kwake, mbele ya watu wake. Ilihitaji bao moja tu. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hatunzwi kabla hajacheza. Na mimi kanuni ile naitetea. Kama mabao yote ya kundi ndiyo yangeamua kwanza, basi nafasi ya nusu fainali ingegombewa kwenye lango la Brunei: nani kawafunga wale vijana saba, nani kawafunga watatu tu. Hakuna heshima katika hesabu hiyo. Nchi ndogo ingeitwa kwenye mashindano ili wakubwa wapate mahali pa kuchuma mabao.

Lakini nakiri kanuni hiyo ina mlango wazi, na ndiyo sehemu ya kesi ambayo watu wa video hawaigusi. Mwaka 1982, kwenye Kombe la Dunia kule Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria walicheza mjini Gijón wakijua matokeo yote ya Algeria, iliyokuwa imekwisha kucheza mechi zake. Wajerumani wakashinda 1-0, matokeo yaliyowafaa wote wawili, na Algeria ikarudi nyumbani. Sisi Waafrika hatujaisahau mechi ile. Baada ya hapo ikaamuliwa mechi za mwisho za kundi zichezwe wakati mmoja, na watu wakadhani ugonjwa umepona. Haukupona. Dawa ile hutibu pale timu inapohitaji kujua kinachotokea uwanja mwingine. Vietnam na Thailand hawakuhitaji kujua chochote. Indonesia ingeifunga Myanmar matano au hamsini, sare ya 1-1 iliwapitisha wote wawili. Tazama pia kwamba suluhu ya 0-0 isingewapitisha wote: timu tatu zingelingana kwa kila kitu zenyewe kwa zenyewe, mabao ya kundi zima yangehesabiwa, na mmoja kati yao angebaki nje. Kwa hiyo bao lilihitajika. Yakapatikana mawili, moja kila upande, halafu kila mtu uwanjani akajua kwamba anayeshambulia sasa anahatarisha safari yake mwenyewe.

Sasa niambie wewe unayepiga kelele: kijana wa miaka 18, kocha wake amesimama pembeni akimpungia mkono atulie, angefanya nini? Aende mbele, apoteze mpira, afungwe, arudi kwao Hanoi au Bangkok aeleze kwamba alitolewa kwa sababu ya kumwonea huruma mwenyeji? Kushika matokeo yanayokufaa si hila. Kila timu inayoongoza 1-0 dakika ya 85 hufanya hivyo, na Indonesia yenyewe imefanya. Anayetaka kulaumu amlaumu aliyepanga makundi ya timu sita na tano, akaweka mezani matokeo yanayowafaa wawili na kumuumiza wa tatu. Huyo ni mtu mzima, ana ofisi, ana tai, na kwenye video haonekani.

Hila tunaijua, na Waindonesia wanaijua kuliko wengi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Tiger, timu zao za wakubwa, Indonesia na Thailand, zilikutana katika mji wa Ho Chi Minh zikiwa zote zimekwisha kufuzu. Atakayeshinda angeongoza kundi, na kuongoza kundi kulikuwa na adhabu yake: safari ya Hanoi kucheza nusu fainali na mwenyeji Vietnam. Wa pili angecheza na Singapuri, iliyoonekana nyepesi. Hakuna aliyetaka kushinda. Mechi ikaenda hivyo hivyo, 2-2, mpaka mwishoni beki wa Indonesia, Mursyid Effendi, akapiga mpira kwenye lango lake mwenyewe kwa makusudi, huku wachezaji wa Thailand wakijaribu kumzuia! Ndiyo, wapinzani walikuwa wanalilinda lango la Indonesia dhidi ya Mwindonesia. Thailand ikashinda 3-2 bila kupenda. Timu zote mbili zikatozwa faini ya dola 40,000 kila moja, na Effendi akafungiwa maisha asichezee tena timu ya taifa. Kwenye nusu fainali Indonesia ikafungwa na hiyo hiyo Singapuri iliyoichagua, na Singapuri ikaendelea hadi kutwaa kombe.

Sisemi kosa la 1998 linahalalisha chochote cha 2022. Nasema nyani haoni kundule. Nchi yenye kumbukumbu hiyo ilipaswa kuuliza kwa upole zaidi kabla ya kuwaita vijana wa jirani wapangaji wa matokeo. Na kama kweli walipanga, basi walipanga vibaya, kwa sababu nusu fainali Vietnam ilifungwa na Malaysia 3-0, na Thailand ikafungwa na Laos 2-0. Laos! Wakakutana wenyewe tena kugombea nafasi ya tatu, wakatoka sare ya 1-1 tena, penalti zikaamua. Labda zile zilikuwa tu timu mbili zinazolingana. Kombe likaenda Malaysia.

Nije kwenye lile tishio la kuhama. Wapo waliolitetea kwa hoja yenye sura nzuri: kwamba kucheza na Japani na Korea Kusini kungewakomaza vijana wa Indonesia. Hoja hiyo ningeisikiliza siku nyingine yoyote. Ikisemwa siku tatu baada ya kutolewa, ni machozi yaliyovalishwa suti. Na tuhesabu kidogo kile ambacho mtaa huu umewapa. Septemba 2013, huko Sidoarjo, vijana wa Indonesia waliochini ya miaka 19, wakifundishwa na Indra Sjafri, walitwaa kombe hili hili kwa kuishinda Vietnam kwa penalti 7-6. Taifa kubwa vile, lenye wazimu wa mpira vile, lilikuwa limekaa miaka 22 bila kombe la kujivunia, tangu medali ya dhahabu ya Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia ya 1991. Ni watoto waliolivusha, na walivukia kwenye mashindano ya majirani. Tena hukuhitaji kurudi nyuma hadi 2013. Tarehe 12 Agosti 2022, mwezi mmoja baada ya vitisho, huko Sleman karibu na Yogyakarta, vijana wa chini ya miaka 16 wa Indonesia waliifunga Vietnam 1-0 katika fainali ya AFF. Wazee wangehama kwa hasira, watoto wale wangekuwa wapi siku ile?

Kwetu Burundi tuliandaa mashindano ya CECAFA ya chini ya miaka 17 mwezi Aprili 2018. Zanzibar walifika na wachezaji waliozidi umri uliowekwa, wakaondolewa. Nakumbuka tulivyocheka. Baadaye nikawafikiria wale vijana kwenye gari la kurudi, maana orodha ile hawakuiandika wao.

Hilo ndilo linaloniuma katika habari ya Indonesia, na ndiyo sababu nimechukua kalamu. Kizazi kile kilichotolewa Julai 2022, chini ya kocha Mkorea Shin Tae-yong, kilikuwa kinaandaliwa kwa jambo kubwa kuliko kombe la AFF. Indonesia ilikuwa imepewa tangu Oktoba 2019 uenyeji wa Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 20, likasogezwa na korona hadi 2023. Mwenyeji hafuzu, anaingia moja kwa moja. Vijana wale walijua tarehe yao. Kisha Israeli ikafuzu kupitia Ulaya, wanasiasa wakakumbuka kwamba nchi yao haina uhusiano na Israeli, gavana wa Bali na wa Jawa ya Kati wakasema timu hiyo isikanyage kwao, na droo iliyokuwa ifanyike Bali ikafutwa. Tarehe 29 Machi 2023 FIFA ikaiondolea Indonesia uenyeji na baadaye ikaupeleka Argentina. Nafasi ya vijana ikaondoka na uenyeji.

Sina ugomvi na mtu anayesimama na Wapalestina. Ugomvi wangu ni na saa. Aliyeomba uenyeji alijua kwamba nchi yoyote inaweza kufuzu. Israeli ilifuzu katikati ya 2022. Kama msimamo ni msimamo, ungetangazwa siku ile, au siku ya kuomba, si wiki chache kabla ya mashindano, wakati mtoto wa mtu amekwisha kuacha shule kwa ajili ya kambi.

Na katikati ya matukio hayo mawili kuna tarehe 1 Oktoba 2022, uwanja wa Kanjuruhan, Malang. Baada ya mechi ya Arema na Persebaya polisi walifyatua mabomu ya machozi ndani ya uwanja, kitu ambacho kanuni za usalama za FIFA zinakikataza. Watu wakakimbilia milangoni wakakanyagana. Walikufa 135, watoto wakiwamo. Ilikuwa imepita chini ya miezi mitatu tangu watu wazima wa mpira wa nchi ile watumie nguvu zao zote kulalamika juu ya dakika ishirini za pasi za nyuma.

Weka mambo hayo matatu kwenye mizani, kisha niambie Vietnam na Thailand wana uzito gani.

Indonesia haikuhama. Julai 2024 ikaandaa tena mashindano yale yale, safari hii Surabaya, na tarehe 29 vijana wake wakaifunga Thailand 1-0 katika fainali, bao la Jens Raven. Uwanja ulilipuka, na waliokuwa wanataka kuhama walikuwa wanacheza barabarani. Wengi wa wale wa 2022 hawakuwamo. Umri wao ulikuwa umekwisha.