Biashara Si Ujanja: Neno kwa Wazazi na Walimu

Kuna neno ninalolisikia sokoni, nyumbani mwa Wakristu, hata mbele ya mlango wa kanisa: «Biashara ni ujanja.» Mzazi anamleta mtoto wake katika darasa langu la biashara na kuniambia: «Mwalimu, umfundishe ujanja, watu wasimdanganye.» Maana yake: umfundishe kudanganya kabla hajadanganywa. Mimi nakataa, na leo nasema sababu waziwazi, hata kama wengine watakasirika.

Lakini nianze na sisi walimu wenyewe, maana kosa letu si dogo. Wengi wetu tunafundisha kwa kuandikisha tu. Mtoto anaandika kwa Kifaransa maana ya mtaji, maana ya deni, maana ya faida. Anazikariri kama kasuku. Siku ya mtihani wa Serikali anazirudisha jinsi alivyozipokea. Anapata diploma, watu wanashangilia. Kisha mama yake, anayeuza sambaza katika soko la Kadutu huku Bukavu, anamwuliza: «Mwanangu, niangalilie, nimepata faida ao hasara?» Kijana anakodoa macho. Tena ni sambaza hizohizo zilizomlipia masomo!

Kwa sababu hiyo somo langu la kwanza si maneno ya kitabu. Ni beseni ya sambaza. Tuseme mama ameinunua 60.000 franka, akalipa 4.000 kwa kubeba na kwa kodi ya soko, na 1.000 kwa mifuko. Jioni ameuza zote, ana 75.000. Nauliza darasa: amepata faida gani? Karibu wote wanapiga kelele: «15.000!» Hapana, ni 10.000. Basi, usiku ule mama amenunua unga, mafuta na dawa ya mtoto kwa 13.000. Asubuhi anashika 62.000, lakini kazi yake yadai 65.000. Amekula 3.000 za mtaji bila kujua, na moyoni anasema biashara yatembea vizuri. Siku tano namna hiyo, 15.000 zimekwenda. Ndipo anakwenda kwa mkopeshaji, na huyo mnamjua.

Nani amemwibia mama huyu? Hakuna mwizi. Kilichomkosea ni daftari, na mifuko miwili: mmoja wa biashara, mmoja wa nyumba. Ujanja ungemsaidia nini?

Wazee watakumbuka jambo kubwa kuliko beseni. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza ya kuwa mashamba na maduka ya wageni yatapewa wenyeji. Wagiriki, Wareno na Wahindi waliacha maduka yamejaa vitu. Wengi wa waliopewa walikuwa wajanja sana. Bila ujanja, ao bila rafiki mkubwa, hungepata duka. Wakauza vilivyokuwa rafuni, wakadhani feza yote iliyoingia ni faida, wakanunua motokari, wakaoa. Hawakuweka ya kununulia vitu vingine. Rafu zikabaki tupu, na wafanyakazi wakakaa bila mshahara. Mwaka wa 1976 Serikali yenyewe ilikuwa ikiwarudishia wenye maduka mali yao, na wengi wao hawakurudi tena. Ni kosa lilelile la beseni ya sambaza, ila inchi nzima ililipa.

Wengine wananiambia kwamba hesabu ni mambo ya wazungu wa benki, hayamhusu Mkristu. Wajue hili: mtu aliyepiga chapa maelezo ya kuandika kila jambo mara mbili, upande huu kilichoingia, upande ule kilichotoka, alikuwa mtawa Mfransisko, Padri Luca Pacioli, pale Venezia mwaka wa 1494. Njia hiyo wafanyabiashara walikuwa nayo mbele yake, lakini yeye aliifundisha kwa kitabu. Pande mbili zisipolingana, umekosea ao umesema uongo. Sharti utafute mpaka uone. Kwangu mimi hilo ni karibu na kuchunguza dhamiri jioni.

Na kopo je? Mnajua kopo la unga lililogongwa chini mpaka kitako kikapanda ndani. Nabii Amosi alikwisha kuwagombeza watu wa kipimo kama hicho. Siku moja naleta makopo mawili darasani, moja zima na moja lililogongwa, tunapima kwa mizani. Sihubiri. Wanafunzi wenyewe wanahesabu kiasi alichoibiwa mnunuzi katika gunia moja, na wengine wananyamaza, maana kopo la nyumbani wanalijua.

Mzazi mmoja alinijibu hivi: «Mwalimu, vizuizi barabarani ni vingi, kila mwenye kofia anadai chake, mtu mwaminifu atakula nini?» Ulizo hili ni la haki, wala sina jibu la kumshibisha. Daftari haliondoi kizuizi. Lakini mimi nawaambia wanafunzi: hata feza uliyonyang'anywa barabarani uiandike, tarehe, mahali na kiasi. Asiyeandika hawezi kujua kama njia ile yamlisha ao yamla, wala hana kitu cha kuonyesha siku wachuuzi watakapokwenda pamoja kulalamika.

Mwanafunzi wangu hamalizi mwaka kabla hajashika daftari ya mchuuzi mmoja kwa miezi mitatu: mama yake, shangazi ao jirani. Wazazi wengine wamekataa, wanasema mtoto asijue feza ya nyumba. Hao nawauliza: mlimleta ajifunze nini?